Treni ya bara: ekonomi ama fasti, kushoto ama kulia, na ukipata ya kulala uchukue kitanda kipi

Kila likizo ikikaribia hapa Malindi swali ni lile lile, na jamaa wa Amu (Lamu) ndo huuliza zaidi manake wao mpaka wafike stesheni washapanda boti, basi na matatu siku moja: nikate ekonomi ama fasti, yaani daraja la kwanza? Na kila mtu hujibu kwa mfuko wake. Mwenye nazo atakwambia kata fasti usijisumbue, asiye nazo atakwambia treni ni ile ile na inafika saa ile ile, na wote wawili wana ukweli wao. Lakini mi naona swali limeanzia mkiani. Jiulize kwanza unapanda ya saa ngapi, alafu siti yako iko wapi ndani ya behewa, mwisho ndo uje kwa daraja. Ukizipanga hivyo utaona kuna safari ambayo fasti ni kutupa pesa na kuna safari ambayo ekonomi ni kujitesa tu, na reli ni hiyo hiyo moja.

Nazungumzia zaidi Madaraka, treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi iliyoanza mwisho wa Mei 2017, kwa sababu ndo wengi wetu tunapanda. Za kulala kabisa, zile za Tanzania, nitazifikia huko chini kwa wale wanaoshuka Dar na kuendelea mbele.

Tuanze na pesa tumalize

Tangu Januari 2024 ekonomi ni Sh1,500 na fasti ni Sh4,500, Mombasa mpaka Nairobi, kwenda peke yake. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu, chini ya hapo unampakata bure. Sasa fanya hesabu ya baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi: ekonomi wote wanne ni Sh4,500, yaani pesa ya mtu mmoja tu wa fasti. Wakikaa fasti wote ni Sh13,500. Hiyo elfu tisa inayobaki kwa mtu wa kawaida ni kitu, ni matatu ya kwenda na kurudi Malindi na chakula cha watu na bado watoto wananunuliwa viatu Nairobi.

Na unalipia nini hasa? Nafasi. Behewa la ekonomi lina siti 118, tatu upande huu na mbili upande ule, mmeangaliana na meza ndogo katikati. La fasti lina siti 72, mbili kwa mbili. Basi. Kichwa cha treni ni kimoja, kiyoyozi kiko kote, mbwa wa usalama ananusa mizigo ya wote, na mkifika mnashuka pamoja. Kwa hivyo mtu akikwambia fasti ni dunia nyingine usimwamini sana, ni mabega na magoti unayalipia. Ila kuna wakati mabega na magoti ni kila kitu, tutafika.

Ya asubuhi, ya mchana ama ya usiku

Hapa ndo watu wa kwetu tunatofautiana na watu wa Mombasa. Wao stesheni ya Miritini ni matatu moja. Sisi kutoka Malindi ni kama kilomita 120 kabla hata hujafika mjini, alafu uvuke daraja la Nyali, Buxton, Makupa, Changamwe ndo upande kuelekea Miritini, na foleni ya Mtwapa haina mwenyewe. Na unatakiwa uwe umefika saa nzima kabla, manake kuna kukaguliwa na kuna foleni ya kuonyesha kitambulisho.

Ya asubuhi inatoka saa mbili. Hii ndo inayosimama njiani, Mariakani, Miaseny, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Kwa mtu wa Malindi maana yake ni kuondoka usiku wa manane ama kulala kwa jamaa Mombasa, kwa hivyo mi naiona ni ya mtu anayeshuka Voi au Kibwezi, kama hushuki njiani iache. Kidokezo kwa watu wa Kilifi na Mavueni: kama unapanda hii ya asubuhi, barabara ya Kaloleni inakutoa Mariakani bila kuigusa Mombasa, na treni inasimama pale. Wengi hawaifikirii hii njia wanaenda kupigana na foleni ya Mtwapa bure.

Ya mchana inatoka saa tisa na kufika Nairobi kama saa mbili usiku hivi. Hii ndo ya mtu wa Malindi. Unatoka nyumbani asubuhi ukishakunywa chai na mahamri yako bila kukimbizana, unafika na nafasi. Kama ni mtu wa kuswali, sali adhuhuri na alasiri zako pale pale stesheni kwa kukusanya na kupunguza kabla hujapanda, manake ndani ya ekonomi utasujudia wapi, njia yenyewe mtu na kikapu hawapishani. Na wakati wa Ramadhani futari inakukuta ushapita Mtito, kwa hivyo tende na maji viwe mkononi, usiviweke kwenye begi lililo juu kwenye rafu alafu adhana ya kwenye simu ilie uanze kukanyaga watu.

Ya usiku inatoka saa nne na inakufikisha kabla ya alfajiri. Na hii ndo ya mtu wa Lamu, hata kama haipendi. Basi la asubuhi likitoka Mokowe, lipite Witu, Garsen, lishuke Malindi, mpaka liingie Mombasa mchana umeshaenda, na ukikata ya saa tisa utakuwa njiani unaangalia saa kila dakika tano na dereva hajali. Kata ya saa nne usiku, fika Mombasa, oga kwa mtu, kula, nenda Miritini pole pole.

Shida ya ya usiku ni kwamba watu husikia "treni ya usiku" wakafikiria kuna vitanda. Hakuna. Wazee wetu ndo waliopata hiyo, ile treni ya zamani ya reli ya mkoloni iliyokuwa inatoka Mombasa jioni na kuingia Nairobi asubuhi ya pili Mungu akipenda, fasti vitanda viwili kwa chumba, sekondi vinne, na mtumishi anapita koridoni akigonga kengele za kuita watu kwenye chakula. Ile ilikufa 2017 hii mpya ilipokuja. Ya sasa ya usiku ni siti zile zile za mchana, taa zinawaka, na wewe umekaa wima.

Kwa hivyo uamuzi wangu ni huu na siubadilishi: mchana ekonomi, usiku fasti. Mchana unaangalia nje, unaongea, unatembea mpaka behewa la chakula, saa tano zinapita hujui zimeenda wapi, elfu tatu zaidi zinakununulia nini? Usiku mambo ni mengine. Siti ya ekonomi hailali nyuma, mbele yako kuna mtu ambaye naye anatafuta pa kuweka miguu, ukinyoosha wewe yeye anakunja, akinyoosha yeye wewe unaamka, na wa katikati kwenye ile siti ya watatu hana ukuta wa kuegemea wala njia ya kutolea mguu, kichwa kinadondoka mara bega hili mara bega lile la mtu asiyemjua. Na mtu wa Lamu huyo alikuwa kwenye basi tangu asubuhi. Akikata fasti simuiti mwenye maringo.

Kama pesa hairuhusu, usiku panda ekonomi lakini upiganie dirisha, siyo kwa sababu ya kuona, kwa sababu ya kuegemea. Na beba leso ama kikoi, kiyoyozi cha usiku hakina huruma na mtu wa pwani, sisi mwili umezoea jasho.

Upande wa watatu na upande wa wawili

Hapa ndo penye utamu kwa sababu watu hawaulizi kabisa, wanakubali walichopewa.

Upande wa wawili, mkiangaliana mnakuwa wanne kwenye meza moja. Upande wa watatu mnakuwa sita. Mke na mume, marafiki wawili, ama mama anayesafiri peke yake, tafuteni upande wa wawili. Hapo hakuna wa katikati, kila mtu ama ana dirisha ama ana njia, na ukitaka kwenda chooni unamsumbua mtu mmoja tu. Dada anayesafiri peke yake usiku mimi nitamwambia dirisha la upande wa wawili na jirani akiwa mwanamke mwenzake bora zaidi, akiona siti imemkalisha vibaya aombe kubadilishana mapema, watu wa treni si wabaya, ukiongea vizuri wengi hukubali.

Familia yenye watoto ni kinyume. Nyinyi uchukueni upande wa watatu, mkiwa watano ama sita mnajaza kiboksi chote kikawa chenu, watoto wanapanda na kushuka mapajani hakuna mgeni wa kumuomba radhi kila saa. Mkiwa wanne kwenye upande wa watatu, ndo tabu, manake kutakuwa na watu wawili wageni ndani ya kelele za watoto wenu na nyinyi mtaona haya safari nzima. Mkiwa wanne rudini upande wa wawili, mnaenea sawasawa.

Kuhusu meza: iko upande wa dirisha. Mwenye njia kwenye siti ya watatu haifikii mpaka amwinamie mwenzake. Mwenye dirisha ndo anageuka kuwa mtunza meza, chupa ya chai ya fulani, simu ya fulani, mkebe wa viazi karai wa bi mkubwa wa siti ya mbele, na kila mtu akitaka kitu ni "samahani nipitishie". Kama hupendi kazi ya kupitisha, kaa njiani.

Nani akae njiani basi? Mwenye miguu mirefu, mwenye kibofu kidogo, mwenye mimba, mzee wa magoti. Mzee ukimuweka dirishani kwa heshima ya kumuonyesha ndovu umemfunga jela, kila akitaka kuinuka anawaza ataamsha watu wangapi, mwisho anajizuia. Nimeona vijana wanafanya hivyo kwa nia nzuri kabisa. Muulize, "Babu, utapenda wapi?" Tisa kwa kumi atasema njiani.

Ukikuta mzee ndo yuko kwenye siti yako pia usianze na tiketi. Anza na shikamoo, muulize hali, anatoka wapi, alafu ndo mambo ya namba. Mara nyingi mwenyewe atainuka, ama utaamua mwenyewe kuikubali yake.

Kwenda mbele ama kinyumenyume

Kwa sababu siti zimeangaliana, nusu ya watu wanasafiri kwa mgongo. Mtu wa kutapika kwenye matatu ya Malindi–Mombasa ajiangalie hapa. Treni haiyumbi kama gari, reli hii ni pana na inaenda 120 kwa saa bila kutingisha chai, lakini ukiangalia nje huku miti inakukimbia kwa nyuma kuna watu tumbo hugeuka. Ukijijua wewe ni mmoja wao ongea na wa mbele yako kabla treni haijatoka. Na treni ikishatoka kama umebaki kinyume, usiangalie karibu, angalia mbali, milimani, inasaidia.

Kushoto ama kulia

Kwenda Nairobi: kushoto kuna milima, kulia kuna Tsavo Mashariki. Kushoto utaona vilima vya Taita ukikaribia Voi, mbele zaidi Chyulu, na siku mbingu ikiwa safi Kilimanjaro yenyewe, hiyo ni bahati, haimo kwenye tiketi, mawingu hulala juu yake siku nyingi. Kulia ni nyika, nyasi na vichaka mpaka macho yachoke, na mwinuko wa Yatta kule mbali umelala bapa juu kama mkate wa sinia. Ndovu wanaonekana pande zote mbili, wale wekundu wa vumbi la Tsavo, na tuta la reli limeinuka kwa hivyo unawaona kwa juu ya vichaka, siyo kama barabarani unapoona mgongo tu.

Tatizo ni jua. Ya saa tisa mchana jua liko upande wa kushoto mwanzo mpaka mwisho, linakupiga shavuni mpaka lizame, na kiyoyozi hakilizuii. Kwa hivyo kushoto unapata mlima unalipa kwa jua, kulia unapata kivuli na Tsavo Mashariki. Mi huchagua kushoto, na nitakwambia kwa nini, ni ile saa ya jua kushuka nyuma ya Chyulu, behewa zima linakuwa rangi ya halua, hata waliokuwa kwenye simu huinua vichwa. Lakini mwenye mtoto mchanga akae kulia asibishane na mimi.

Asubuhi kwenda bara ni kinyume, jua linakuja kulia, na kushoto ni kivuli na milima yote yako, hakuna cha kufikiria. Kurudi pwani geuza vyote, milima inakuwa kulia, na ya mchana jua linakuja kulia nayo. Ya usiku ni kiza tu, upande wowote ni sawa, usimsumbue mtu.

Na mkipita daraja la mto Tsavo, waambieni watoto wa Malindi waangalie yale maji. Mto ule unaenda kukutana na Athi, wanakuwa Galana, na Galana ndo Sabaki yetu, yale maji ya udongo yanayokuja kuichafua bahari pale kwetu mvua ikinyesha bara. Wengi wamekua wanaona bahari ya kahawia na hawajui inatoka wapi.

Katikati ya behewa ama mlangoni

Hii haina mjadala mrefu. Katikati. Magurudumu yako mwisho wa behewa huku na huku, kwa hivyo katikati ndo kumetulia. Mwisho wa behewa ndo kuna vyoo, ndo kuna mlango unaofunguka kila dakika, ndo watoto wa watu wengine wanakuja kucheza. Behewa lililopakana na la chakula nalo ni njia ya watu wote, kila anayeenda kununua soda anakupita. Wa kukaa mlangoni kwa faida yake ni mtu mmoja tu, mwenye mizigo mikubwa, aiwekee jicho.

Na kwa mizigo: pale Miritini mnapanga mabegi chini mstari mmoja, mnarudi nyuma, mbwa anapita ananusa. Najua wengi wetu hili linatukera, bi mkubwa mmoja niliwahi kumuona amekumbatia kikapu chake cha halua ya Lamu hataki kukiweka chini kabisa. Mbwa ananusa, halambi. Ila ukitaka moyo utulie, chakula kitie kwenye mfuko wake, mfuko utie ndani ya begi lenye zipu, na begi ndo liende chini. Ndani ya treni huruhusiwi kuuza wala hakuna wauzaji wa madirishani, ni kigari cha chai na vitafunio kinachopita na lile behewa la chakula, kwa hivyo ukipanda bila mahamri yako ujue umekubali bei zao.

Sasa za kulala kweli

Hii ni kwa wanaopitia mpaka wa Lunga Lunga wakashuka Tanga, Dar, alafu wanataka kwenda mbele. Ile SGR yao mpya ya umeme ya Dar mpaka Dodoma, iliyoanza 2024, ni ya kukaa kama yetu, ni ya haraka zaidi, vitanda hakuna. Vitanda viko kwenye treni za zamani: reli ya kati ya kwenda Tabora, Kigoma na Mwanza, na Tazara ya kwenda Mbeya mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina miaka ya sabini. Ratiba zao ziulizie stesheni kabla hujafunga begi, hizi hukaa na kuinuka.

Kule maneno ni mengine, na ukikosea neno kwenye dirisha la tiketi unajikuta umekaa wima siku mbili. Kwenye reli ya kati kuna daraja la pili kulala na daraja la pili kukaa. Ukisema "la pili" tu ukalipa, hujui umelipa lipi. Sema kulala. Kwenye Tazara daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita, alafu kuna za kukaa.

Hapa sasa daraja ndo linakuja mbele, tofauti na Madaraka. Safari ni siku mbili na kitu na ikichelewa ni zaidi, kwa hivyo vinne na sita si jambo dogo. Kwenye vinne kuna juu na chini peke yake. Kwenye sita kuna wa kati, na wa kati ndo anayeonewa: hawezi kukaa wima, hana dirisha, hana meza, mchana hana pake mpaka ateremke akaombe nafasi kwenye kitanda cha chini cha mtu.

Chini ama juu? Chini una dirisha, una meza, na kwenye stesheni unanunua ndizi na mahindi ya kuchoma bila kuinuka, akina mama wanakuja mpaka dirishani. Lakini kitanda cha chini mchana ni kochi la chumba kizima. Watakaa hapo, watakula hapo, mazungumzo yote ya siasa yatapita hapo, na ukitaka kulala saa nane mchana utasubiri wageni wamalize. Usiku pia dirisha liko karibu na mkono wa mtu wa nje, lifunge kabla hujalala na simu usiiache mezani. Juu hakuna anayekufikia, unalala ukitaka, mkoba unauweka kichwani, lakini joto la Dar linapanda huko huko kwako, na kila haja ni kupanda na kushuka gizani kwa kukanyaga vitanda vya watu. Kijana achukue juu. Mtu mzima, mwenye mtoto, na mwenye kuamka usiku achukue chini avumilie wageni. Kati achukue aliyechelewa kukata.

Baridi nayo isikudanganye. Unatoka Dar unajipepea, ukishaamka kule Makambako kwenye njia ya Tazara, hasa Juni na Julai, mtu wa pwani anavaa nguo zote alizobeba. Njia yenyewe lakini ni nzuri sana, kati ya Mlimba na Makambako treni inapanda milima kwa mahandaki na madaraja, na mkikuta kumekucha, wa kitanda cha chini ndo anaona vizuri.

Jambo moja la Tazara linawashtua watu wa kwetu, ingawa kwa mila zetu ni zuri tu: wanaume na wanawake hawachanganywi chumbani. Mke na mume mkikata tiketi mbili mtalala vyumba tofauti. Mkitaka kuwa pamoja mnanunua chumba kizima, vyote vinne. Kwa familia ya wanne daraja la kwanza linakuwa halina hasara kabisa, mnalipa vitanda vyenu na mlango ni wenu. Kwa wawili mnalipia vitanda viwili vya hewa, hapo muangalie mfuko wenu, wengine huona bora kila mtu alale na wenzake wakutane kwenye behewa la chakula.

Na ukipewa cha kati usinyamaze ukisema utazoea. Mtafute mhudumu wa behewa mkiwa bado Dar, ama uongee na kijana wa juu mwenyewe, manake mkishafika Mlimba ni usiku, kila mtu ashatandika na hakuna wa kumuamsha.